Mzinga wa Mzee Lohay

Nani aliwaambia ninyi vijana kwamba kazi ya majeneza ni kazi ya huzuni? Nileteeni mtu huyo hapa Maisaka nimkalishe kwenye benchi langu. Nimetengeneza majeneza tangu sina hata unywele mmoja mweupe, nimestaafu juzijuzi tu baada ya nyonga kunigomea, na nawaambia kweli, hakuna kazi iliyonichekesha kama hiyo. Nimecheka mpaka nikashika mbavu, tena msibani, na wafiwa wenyewe wakicheka pamoja nami.

Jina langu Bura, ila ninyi mnaniita Baba Paulina. Wale wa stendi wananiita Mzee Jeneza, nami naitika yote mawili. Siku hizi mnakuja hapa na simu zenu, shikamoo mzee, marahaba, halafu hapo hapo: "Mzee, lile la hindi ulilijengaje? Na lile la basi?" Mnapiga picha za karakana yangu kama mmeona maajabu. Haya, kaeni. Nitawasimulia, ila sitafuata mpangilio wowote. Nikikumbuka jambo nitalirukia, na atakayenikatiza nitamtuma chai.

Ufundi alinifundisha Fundi Issa. Babu yake alitoka pwani akapanda huku juu kwa biashara ya vitambaa, yeye akazaliwa hapa hapa Babati, akawa na banda lake karibu na soko. Milango, vitanda, makabati, na majeneza ya sisi Wakristo tulioteremka kutoka Mbulu. Yeye mwenyewe alijua hatazikwa ndani ya kitu alichokitengeneza. "Sisi, Bura," alikuwa akiniambia, "jeneza la msikitini linatubeba, linatufikisha, linarudi kumsubiri mwingine. La kwenu halirudi. Kwa hiyo ukikosea, hakuna siku utaletewa urekebishe."

Kanuni yake ya kwanza nilidhani ni utani: pima maiti, kisha pima mlango. Nikasema moyoni, mlango wa nini, kwani mlango unazikwa? Basi nikaitwa Bonga, amefariki mama mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa na mwili wake wa kutosha. Nikapima vizuri, nikatengeneza jeneza pana la mbao za mkongo, nikalipeleka kwa mbwembwe. Kuingia ndani liliingia, maana tuliliinamisha ubavu. Kutoka ndiyo ikawa shughuli! Utamwinamisha marehemu ubavu? Tulisogeza kulia, tukasogeza kushoto, padre yuko nje anasubiri, wabebaji wanatoka jasho, na mimi natamani ardhi inipasukie. Mume wa marehemu akasimama, mzee mkimya kabisa, akasema, "Toeni fremu ya mlango. Mke wangu aliingia nyumba hii kwa matarumbeta. Hatatoka kwa kubanwa." Watu wakaangua kicheko, msiba mzima ukacheka, na fremu ikatolewa. Kesho yake Fundi Issa alikwenda mwenyewe kuirudisha. Alinikabidhi futi kamba mpya tu. Tangu siku hiyo sijawahi kuingia nyumba yoyote bila kuuangalia mlango wake kwanza, hata nikialikwa harusini.

La pili, vanishi. Vanishi haina haraka, na masika ya Babati hayana huruma. Niliwahi kutoa jeneza likiwa bado linanata. Wabebaji sita walivaa glavu nyeupe. Walipofika kaburini wakaliweka chini, mikono ikatoka, glavu zikabaki zimeng'ang'ania vishikio, tatu kila upande. Sasa ninyi chekeni, lakini mimi siku ile sikula pilau.

Hayo yalikuwa majeneza ya kawaida, yale ya pembe sita na kidirisha cha kioo. Haya ya sanaa yalikuja baadaye sana, Fundi Issa ameshatangulia mbele ya haki. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu yake: kumbe huko Ghana watu wanazikwa ndani ya samaki, ndani ya ndege, ndani ya kiatu! Watu wanacheza, wanapiga ngoma, jeneza linarukishwa juu kama bwana harusi. Vijana, sikulala! Nilizunguka nyumba nikipima kila kitu kwa macho: jiko, kuku, redio. Mama Paulina akasema, "Sasa umezeeka vibaya. Unataka kuzika watu ndani ya sufuria?" Nikamwambia mwenye kupenda sufuria yake, mbona nitamtengenezea.

La kwanza lilikuwa la hindi, la jirani yangu hapa Maisaka aliyelima mahindi maisha yake yote. Watoto wake walikubali kwa woga. Punje nilichonga moja moja kutoka kwenye vipande vya mbao vilivyobaki, nikazibandika kwa gundi. Na hapa nawapa siri, ishikeni. Usichonge hindi. Chonga hindi lake. Mama yule alikuwa akilalamika kila msimu kwamba panya wanamlia mahindi upande wa chini. Basi chini pale nikaacha pengo la punje kadhaa, na alama za meno. Siku ya mazishi wanawe walipoliona pengo lile walipiga kelele, "Mama! Hao hapo panya wako!" wakalia na kucheka kwa pumzi moja. Hata lile la basi mnaloulizia, wenye kumjua dereva yule hawakutazama magurudumu wala taa. Walitazama ubonyeo wa ubavuni kushoto, maana basi lake lilibonyea pale miaka yote na hakuwahi kulinyoosha. Mtu anatambuliwa kwa ubonyeo wake.

Sasa niwape ya Mzee Lohay. Hii ndiyo mliyoifuata, najua, nawaona mnavyoangaliana.

Mzee Lohay alikuwa mfuga nyuki wa Bonga. Mizinga yake ilikuwa ya magogo, ile ya asili, ameitundika kwenye miti huko vilimani. Mtu mrefu, mwembamba, mwenye maneno machache na macho ya mtundu. Alikuja hapa asubuhi moja na fimbo yake, hujambo sijambo, akasema, "Fundi, mimi naumwa. Daktari amenieleza yote. Nataka unitengenezee mzinga wa kulala."

"Mzinga, mzee?"

"Mzinga. Gogo. Nimewapa nyuki nyumba maisha yangu yote, sasa nataka kuonja na mimi."

Fundi Issa alinikataza kabisa kumpima mtu aliye hai. Alisema ni kumwita malaika kabla ya zamu yake. Nikamweleza Mzee Lohay, akacheka, akapanda mwenyewe kwenye benchi, akalala chali, akakunja mikono kifuani. "Pima," akasema. Mteja mmoja alikuwa anaingia kuulizia meza. Alipoona mzee amelala kimya kwenye benchi na mimi nimeinama na futi kamba, aligeuka, na meza ile hakuja kuiulizia tena.

Kazi ya gogo ni ngumu, msidanganyike. Nilikata mbao nyembamba nyembamba, nikazipangilia kuzunguka mduara kama pipa, nje nikavisha magome ya mti halisi. Nikalipasua kwa urefu ili nusu ya juu iwe kifuniko. Zuri! Nikalitoa nje nilitazame juani, nikageuka kuchukua msasa, nageuka tena, jeneza halipo. Linateremka barabara! Kitu cha mviringo hakikai, mimi mzee mzima nilisahau. Lilipita mbele ya kijiwe cha bodaboda, vijana wakapiga ukelele wakatawanyika, moja kwa moja mpaka kwenye mtaro wa maji. Kwa hiyo andikeni: jeneza la duara linawekewa miguu kabla halijaona jua.

Mzee Lohay alikuja kulikagua. Alilizunguka, akaligonga kwa kidole, akanipa mfuko wa nta. "Ndani usipake vanishi. Paka nta hii, yote, usibakize." Nikasema sawa mzee. "Na mwishoni hapa toboa tundu, upana wa kidole gumba. Mzinga usio na tundu ni gogo tu." Sawa mzee. "Ulitundike juu, kule stoo yako ya nyuma, mchwa wasilifikie. Na tundu lielekee mawio." Hapo nikavua kofia, maana nilidhani anazungumzia ufufuko. "Ukishalifunga, usilifunguefungue." Sawa mzee. Nilifanya yote, neno kwa neno. Nani hamtii mgonjwa?

Stoo yangu ya nyuma mnaijua, ukuta wake umepasuka chini ya paa, na ng'ambo ni shamba la alizeti na mbaazi. Tulilitundika pale kwa kamba nne.

Mzee akazidi kuumwa. Alikuwa na binti mmoja tu, Restituta, ambaye alimfundisha nyuki tangu mdogo, japo watu walisema kurina asali si kazi ya kike. Na alikuwa na mdogo wake, Mzee Tarmo, mtu wa heshima zake, mwenye pikapu, asiyependa mambo ya ajabu. Tarmo hakuupenda mzinga hata kidogo. "Kaka yangu si mdudu," alisema. Lakini kilichomuumiza zaidi ni maneno mengine. Mzee Lohay alikuwa akimwambia kila anayekuja kumwona: "Siku yangu msilie kwa kelele. Imbeni. Na mtakula asali yangu, mlambe vidole." Kila mtu! Padre, majirani, wauza nyanya wa sokoni, wote kawaalika. Na asali yenyewe iko wapi? Misimu miwili hajapanda mti. Mizinga yake huko vilimani ilikuwa imeoza, mingine imeanguka, nyuki wamehama. Restituta alikwenda kuangalia akarudi mikono mitupu. Tarmo akataka kununua asali sokoni kuficha aibu, binti akakataa katakata. "Baba alisema asali yake. Hakusema asali ya watu."

Mara ya mwisho Mzee Lohay kufika hapa, alikuja kwa bajaji, amekwisha kabisa, mfupa na ngozi. Alitaka kulitazama jeneza lake. Nilimshika mkono nikampeleka stoo, akakaa kwenye kigoda chini ya mzinga, akafumba macho. Alikaa muda mrefu. Mimi nikadhani anasali. Kulikuwa na mvumo, mmmm, wa mashine ya kusaga ya jirani, kama kawaida. Nikamwambia, "Samahani mzee, jirani yangu huyu na mashine yake."

"Naisikia," akasema. "Inasaga vizuri." Akafungua macho, akatabasamu. "Kazi nzuri, fundi. Kazi nzuri sana."

Nilijisikia fahari, nikadhani anasifia viungo vya mbao zangu! Hata Jumapili moja nilipita stoo, mashine ya jirani imefungwa, na mvumo bado upo, nikasema basi masikio yangu nayo yamezeeka. Jamani, mtu akijiamini sana anakuwa mjinga bila kujijua.

Akafariki. Restituta alinipigia simu, hakulia, alisema tu, "Baba Paulina, baba ameondoka. Mzinga uko tayari?" Nikamwambia uko tayari tangu zamani, mwanangu, pole sana.

Siku ya mazishi saa moja asubuhi Tarmo alifika na pikapu, kavaa koti jeusi, tai imemkaba. Mpango ulikuwa kwenda mochwari saa nne, misa nyumbani Bonga mchana, kisha kaburini. Akaniambia waziwazi, "Fundi, nakuheshimu. Lakini kukiwa na kasoro yoyote, hata ndogo, nachukua jeneza la kawaida pale karibu na stendi. Nimeshaongea nao. Tumeshaahidi watu asali ambayo haipo. Sitaki kichekesho cha pili."

Nikamjibu kwa majivuno, "Kasoro? Kwa mkono huu?"

Tulipanda, mimi na Tarmo na majirani wawili, tukafungua kamba. Lilikuwa zito kupita kiasi. Nikasema mbao zimekunywa unyevu. Tulipolifikisha kifuani, kamba moja ikaponyoka, upande mmoja ukagonga ukuta, na kile nilichokiita mashine ya jirani kikatoka nje kupitia tundu la kidole gumba.

Nyuki! Nyuki, vijana wangu, nyuki wa kweli! Majirani walipotea, sijui walipitia wapi mpaka leo. Mimi nilipigwa sikioni, nikapigwa mdomoni, nyonga ile ile inayonigomea ikakimbia bila kulalamika. Mzee Tarmo, mtu wa heshima zake, aliruka ndani ya pikapu akapandisha vioo, na ndani mle alikuwa amejifungia na nyuki watatu. Tuliona tu tai ikirukaruka nyuma ya kioo.

Tulipokutana tena, kila mtu na uvimbe wake, Tarmo alininyooshea kidole. "Umemaliza," akaniambia. "Umemwingizia kaka yangu wadudu kwenye jeneza. Naenda stendi." Na mimi, kwa mdomo uliovimba, nikaitikia kwa kichwa. Nilijua kosa ni langu. Nimepaka nta, nimetoboa tundu, nimetundika juu. Mtoto yeyote wa mfuga nyuki angeniambia kwamba hicho ni kitanda nimewatandikia nyuki. Nilimwahidi mzee mgonjwa, na sasa anaenda kuzikwa kwenye sanduku asilolitaka kwa ujinga wangu. Nililia, sioni aibu kuwaambia. Nilikaa kwenye lile rundo la maranda nikalia.

Nikampigia simu Restituta, maana ni yeye aliyestahili kujua kwanza. Alifika kwa bodaboda kutoka Bonga, bado ana kanga ya msiba, mkononi ana bomba la moshi na mfuko wa mavi makavu ya ng'ombe. Hakumwamkia mtu. Alisimama mlangoni mwa stoo akasikiliza, kama baba yake alivyosikiliza.

"Baba Paulina," akasema, "nta ulipaka wapi?"

"Ndani."

"Nani alikwambia?"

"Baba yako."

"Tundu?"

"Baba yako."

"Lilielekea wapi?"

"Mawio. Alisema mawio. Na akasema lining'inizwe juu, na nisilifunguefungue."

Akanitazama. Mdomo ukaanza kumcheza, machozi yanamtoka, halafu akacheka, akacheka mpaka akashika nguzo. "Baba mdogo!" akamwita Tarmo. "Baba mdogo, shuka kwenye gari! Usiende stendi! Baba hakuagiza jeneza. Baba ametega mzinga!"

Tarmo alishusha kioo inchi moja. "Umesema nini?"

"Ametega mzinga wake wa mwisho. Hakuweza tena kupanda mti, akamtumia fundi!"

Moyo wangu, sijui niwaelezeje. Kazi nzuri, fundi. Inasaga vizuri. Kumbe mzee yule alikuwa amekaa chini ya mzinga anawahesabu nyuki wake! Nilisimama nikapiga makofi peke yangu.

Restituta akawasha moshi. Tulimwambia jua limeshachomoza, nyuki wa mchana ni wakali, akasema, "Hawa wananijua kwa baba." Alikwenda taratibu, hana haraka hata chembe, anawasemesha kwa sauti ya chini kana kwamba anambembeleza mtoto. Moshi ukaingia tunduni, mvumo ukashuka. Akanyanyua kifuniko. Vijana, masega! Yamejipanga kuanzia kichwani hadi miguuni, ukubwa wa sahani, yamejaa, ya rangi ya dhahabu, kwenye jeneza nililolichonga kwa mikono hii. Harufu ilitoka ikajaa karakana nzima. Masega yenye watoto wa nyuki aliyahamishia kwenye mzinga wa ubao niliougongomea pale pale kwa haraka, malkia akamtia humo kwa kikombe, na wengine wakamfuata. Asali akaitia kwenye ndoo. Tulijaza ndoo mbili kubwa, na ya tatu nusu.

Tarmo alishuka kwenye gari. Jicho moja lilikuwa limeziba kabisa. Aliinama juu ya jeneza tupu, akanusa. Nikasubiri. Kama akisema stendi, ni stendi, yeye ndiye mkubwa wa ukoo.

"Satini yako iko wapi?" akaniuliza.

Restituta akasema, "Asitandikiwe satini, itanata. Baba alilalia shuka jeupe maisha yake yote."

"Basi leteni shuka," akasema Tarmo. "Na fundi, funga vizuri kifuniko. Tumechelewa."

Tulifika mochwari saa tano badala ya saa nne, na hakuna aliyetulaumu. Kutoka pale kwenda Bonga sijawahi kuona msafara kama ule. Matarumbeta mbele, kwaya kwenye gari la pili, nyuki wachache wakifuata nyuma ya pikapu mpaka tukavuka daraja. Watu wa barabarani walisimama: kwani ni harusi? Ni msiba! Msiba wa nani, mbona harufu tamu? Katekista alipolisogelea jeneza alivuta pumzi, akasema, "Nimezika wengi. Huyu ndiye wa kwanza kunitia njaa."

Kaburini Restituta alishika ndoo, kila mtu akapita na kiganja wazi. Watoto, wazee, Waislamu wa sokoni waliokuja na kofia zao, padre na kanzu yake. Watu mia kadhaa wanalamba vidole, mashavu yamelowa, hujui ni machozi au asali. Maana nawaambia, na hili mlisikie, msiba wa furaha si msiba usio na machozi. Tulilia sana siku ile. Ila tulikuwa tunalia huku tunakula, na wimbo uko mdomoni.

Mzee Tarmo alikuwa wa mwisho. Restituta alimpa kipande cha sega, akakitia mdomoni pamoja na uvimbe wake. Akatafuna. Akasogea ukingoni mwa kaburi, akasema kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Kaka, umenishinda." Halafu yeye, yule asiyependa mambo ya ajabu, ndiye aliyeanzisha wimbo, akatupa koti jeusi pembeni, akacheza mpaka vumbi likatimka.

Nyuki wale wako hapa hapa nyuma ya karakana. Restituta huja kurina, na mwaka huu ameanza kufundisha wasichana wawili wa hapa Maisaka. Chai mnayokunywa hapo, mnadhani ina sukari?

Sasa mnaniuliza la kwangu litakuwaje. Hamna haya, lakini nitawajibu. Liko tayari. Ni randa, randa ya mbao kama ile ya kwanza aliyonipa Fundi Issa, na upande wa nyuma nimechonga lile kovu la msumari nililoitia siku ya kwanza nikapigwa kofi. Ndani sikupaka vanishi. Lile tundu la kutolea maranda limeelekea mawio. Liko juu stoo, kwa kamba nne, na Mama Paulina nimemkataza kulifunguafungua. Jirani alishahamishia mashine yake ya kusaga karibu na stendi, na bado kila nikipita pale chini nasikia mmmm.

Kwa hiyo siku yangu ikifika, msipande kichwakichwa kama Tarmo na mimi. Mwiteni Restituta kwanza. Njooni na moshi, vijana wangu, na njooni na njaa.